Shangazi na Kidole cha Sita

Bawabu, wafagizi, madaktari wa utafiti na wanafunzi wao, wote walimwita Shangazi. Si kwamba alikuwa mpole sana au mgawaji wa peremende. Alikuwa na macho ya shangazi tu, yale yanayoingia nyumbani kwa watu na kuona vumbi juu ya kabati kabla salamu hazijaisha.

Kwa miaka ishirini na mmoja alikuwa ametunza panya katika taasisi ile ya utafiti. Si panya wa darini wanaotafuna viatu, bali panya weupe wa maabara, wanaoishi kwenye vizimba vya plastiki vilivyopangwa juu ya rafu za chuma. Kila kizimba kilikuwa na kadi mbele yake: namba ya dume, namba ya jike, tarehe ya kukutanishwa, tarehe ya kuzaa. Kila asubuhi Shangazi alivaa koti, kofia, barakoa na glavu, akaingia chumba kisicho na dirisha, akabadilisha maranda ya mbao yaliyolowa, akajaza chupa za maji na kuwakagua wenyeji wake mmoja mmoja. Watu walidhani panya wote ni sura moja. Yeye aliwajua kwa mwendo.

Ila kuamini, hakuamini. Muuza maziwa alipomhakikishia kwamba maziwa ni ya leo, aliyanusa mbele yake. Mumewe, fundi saa aliyekuwa na kibanda chake barazani kwao, alikuwa akiwaambia wateja kwamba mkewe akiambiwa kumekucha hutoka nje kwanza akahakikishe.

Rafu ya tatu ilikuwa ya Daktari, mtu mfupi asiyepaza sauti, ambaye kazi yake ilikuwa kuchunguza jinsi viungo vinavyojengeka tumboni. Alitaka kujua kinundu cha nyama kinajuaje kuwa mkono, na kwa nini vidole huishia vitano wala visiwe saba. Alitumia panya kwa sababu panya, kama sisi, hubeba mimba na kunyonyesha, na siku za mwanzo za mtoto wao zinafanana mno na za mtoto wetu. Panya wa rafu ya tatu walipaswa kuwa wazima kabisa, wasio na hitilafu yoyote. Wao ndio walikuwa kipimo. Wengine wote walilinganishwa nao.

Jumatatu moja Shangazi alikuwa akihamisha watoto wa siku kumi kutoka maranda machafu kwenda masafi. Mmoja alimpita kiganjani, na kidole chake kikahisi kitu. Akamgeuza chali. Mguu wa nyuma wa kushoto ulikuwa na vidole sita. Akahesabu tena, kisha akavua miwani yake ya kusomea, akaifuta, akahesabu mara ya tatu. Katika watoto saba wa kizimba kile, wawili walikuwa hivyo. Kizimba cha pili chini yake, watoto watatu kati ya wanane.

Hakumwita mtu mara moja. Alikaa juu ya kigoda akajiuliza nani ameingia chumba hiki.

Daktari alipopewa habari alikuja mwenyewe, akatazama kwa lenzi, na uso wake ukapauka. Alichukua ncha ndogo ya mkia wa kila mtoto mwenye kasoro akaenda kusoma jeni zao, yaani yale maagizo ya kurithi yaliyoandikwa ndani ya kila seli ya mwili. Ipo jeni moja inayojulikana sana kwa kazi ya kupanga vidole, na wote walitegemea kuikuta imeharibika. Baada ya wiki moja majibu yakarudi: jeni ile ni nzima, herufi kwa herufi, haina hata doa.

Hapo ndipo shaka ilipoanza kutembea kwenye korido.

Msimamizi wa jengo, mtu wa suruali iliyopigwa pasi hata makunyanzi yakaogopa, alikuwa na maelezo yake. Kama jeni ni nzima, alisema, basi kasoro imetoka nje. Zipo kemikali ambazo mama akizinywa wakati wa mimba huvuruga viungo vya mtoto. Na maji ya wale majike yanawekwa na nani? Chupa zinaoshwa na nani? Hakumtaja mtu. Hakuhitaji. Alimwita Shangazi ofisini, akamuuliza anatumia sabuni gani, tangu lini, na kama aliwahi kubadilisha bila kutoa taarifa. Alimuuliza pia, kwa sauti ya kumhurumia, kama macho yake bado yanasoma vizuri maandishi madogo ya kwenye madumu.

Shangazi alijibu kwamba macho yake ndiyo yaliyoona kidole ambacho wenye darubini hawakukiona. Msimamizi akaandika jambo kwenye karatasi na kuifunika kwa mkono.

Alitoka mle ndani damu ikimchemka, na akili ikitafuta wa kumtia hatiani. Haikutafuta mbali. Kikulacho ki nguoni mwako, na aliyekuwa karibu na rafu ile kuliko wote, baada ya yeye, alikuwa Miwani.

Miwani alikuwa mtafiti msaidizi wa Daktari, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mrefu, mwenye miwani mizito iliyompa jina. Alikuwa na ufunguo. Alikuwa msiri. Akiingia chumbani hazungumzi, anaandika tu kwenye daftari lenye mpira. Wiki zile alianza kuwa na tabia mpya: Shangazi akiingia, yeye hufunga daftari. Na mara mbili bawabu alitaja, kwa kupitisha tu maneno, kwamba Miwani alifika Jumapili, siku ambayo hakuna kazi.

Basi Shangazi akatega. Ijumaa kabla ya kutoka alichukua uzi mweupe, mwembamba kama unywele, akaupitisha kati ya chupa mbili za rafu ya tatu. Jumatatu akaukuta umekatika. Wiki iliyofuata hakuuliza mtu. Jumapili alasiri alimwambia mumewe anakwenda kumtazama mgonjwa, akaenda kazini, akamwambia bawabu amesahau dawa zake, akajibanza kwenye stoo ya maranda inayofungukia chumba cha panya, mlango akiuacha wazi upana wa kidole.

Alikaa saa nzima akipumua vumbi la mbao na kujizuia kupiga chafya. Kisha Miwani akaingia. Akachomoa chupa ya maji ya kizimba cha kwanza, akainusa. Akatoa kichupa kidogo mfukoni, akakifungua, akakiinamisha juu ya mdomo wa chupa. Shangazi kutoka pale alipokuwa hakuona kama kinamimina au kinapokea. Lakini mtu akishakuwa na jibu haoni tena swali. Kisha Miwani akatoa simu akapiga picha kadi zote, moja baada ya nyingine, akaondoka kwa kunyata.

Usiku haukulalika, na asubuhi Shangazi alikwisha andika barua. Alieleza alichokiona, na alichokidhania akakieleza kana kwamba nacho alikiona. Msimamizi akaigonga muhuri. Kufikia mchana Miwani alikuwa amenyang'anywa ufunguo.

Wakakutanishwa wote wanne ofisini: Daktari, Msimamizi, Shangazi na Miwani. Miwani alisoma barua ile taratibu, akairudisha mezani, na kwa mara ya kwanza alimtazama Shangazi usoni.

"Nilikuwa nachukua maji, sikuwa naweka," alisema. "Nilitaka yapimwe. Nilikuwa nakushuku wewe."

Akaeleza yote. Msimamizi alipoanza habari ya sabuni, yeye aliamini. Aliona Shangazi amezeeka kazini, amezoea, na aliyezoea hukosea bila kujua. Ndiyo maana alikuja Jumapili, achukue sampuli bila kuonekana. Na picha za kadi alikuwa akizipiga tangu siku ile, apate kumnasa Shangazi akibadilisha maandishi.

Wanawake wawili, kila mmoja amemvizia mwenzake kwenye chumba kimoja, na panya peke yao ndio walioyaona yote.

Msimamizi hakucheka. Alisema mpaka ukweli ujulikane, Miwani hataingia chumba cha panya, na Shangazi atasaidia kwenye chumba cha kufulia, kwa muda tu. Akufukuzaye hakwambii toka. Shangazi alichukua kigoda chake akashuka nacho ghorofa ya chini.

Kazi ya kufulia haikuwa nzito. Ilikuwa ni makoti ya madaktari, kuyatoa kwenye mashine, kuyakausha, kuyakunja. Lakini aliifanya kama aliyefiwa. Nyumbani hakusema neno. Aliondoka saa ile ile na kurudi saa ile ile, na akajibu maswali kwa "salama tu." Siku ya nne mumewe aliweka kibanio chake mezani, akamtazama kwa muda.

"Mama, siku hizi hunuki panya," alisema. "Unanukia sabuni. Miaka ishirini na mmoja nimezoea harufu moja, leo unaniletea nyingine. Niambie kama kuna mtu."

Shangazi alitaka kukasirika, akajikuta anacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. Akamsimulia yote, mpaka habari ya stoo ya maranda. Mzee alisikiliza bila kukatiza. Mwishoni hakumpa pole. Alimuuliza jambo moja tu: katika vizimba vyote vilivyokunywa maji yale yale na kuoshwa kwa sabuni ile ile, ni vingapi vimepata kasoro?

"Viwili," alisema Shangazi. "Kati ya arobaini."

"Basi hiyo sumu inachagua nyumba," akasema mzee, akairudia saa yake.

Neno lile lilimfuata kazini. Kesho yake, akikunja makoti, alipita mtunzaji aliyewekwa mahali pake akamnong'oneza kwamba kizimba kingine nacho kimezaa watoto wa vidole sita, wawili kati ya sita. Msimamizi, akaongeza, anasema mimba ile iliingia Shangazi akiwa bado yupo, kwa hiyo haimsafishi. Shangazi aliuliza ni kizimba kipi. Alipoambiwa, mikono yake ilisimama juu ya koti.

Kizimba cha kwanza, cha pili na hiki cha mwisho kule pembeni havikupakana. Majike wa humo hawakuwa ndugu wa karibu. Lakini kulikuwa na dume mmoja, mtulivu, mwenye sikio lililochanika, ambaye Shangazi mwenyewe alimlea. Alipenda kulala kwenye kona ya kulia. Dume huwekwa na jike siku chache, kisha huhamishwa kwa mwingine, na jike akipewa dume mwingine kadi ya zamani hutupwa, ikaandikwa mpya. Shangazi alikumbuka kumbeba dume yule kiganjani kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Lakini kumbukumbu yake, kwa wakati ule, nani angeipokea? Alihitaji kadi za wiki zote zilizopita. Na kadi zile, kwa anavyojua, zilikuwa zimebaki mahali pamoja tu.

Alimkuta Miwani kwenye chumba cha darubini, amekaa mbele ya mashine iliyozimwa. Shangazi alisimama mlangoni, hakukaribishwa, hakuingia.

"Nataka kuona picha ulizonipiga mimi," alisema.

"Sikukupiga wewe. Nilipiga kadi."

"Ndizo hizo hizo."

Miwani alimtazama kama mtu anayepewa chakula na adui. Akamuuliza anataka kufuta nini. Shangazi akasema ashike simu yeye mwenyewe, asimpe. Asome tu kwa sauti namba ya dume, na yeye atasimama hapo hapo mlangoni mikono nyuma. Miwani akasoma. Kizimba cha kwanza. Cha pili. Akapekua mpaka cha pembeni, picha ya wiki za nyuma, kabla kadi haijabadilishwa. Akaisoma namba ile, akairudia kwa sauti ya chini. Ilikuwa ile ile mara tatu. Kisha akapekua nyingine zote zilizozaa salama, na namba ile haikuwemo hata moja.

"Dume habebi mimba," alisema Shangazi. "Dume hanyonyeshi. Kama ni maji, angekunywa yeye wakazaliwa wao na vidole? Nimemshuku kila mtu kwenye jengo hili isipokuwa yeye."

Walikwenda kwa Daktari pamoja, kila mmoja akihakikisha mwenzake hatangulii. Daktari alitazama picha zile kwa muda mrefu, kisha akauliza kama dume yule bado yu hai. Alikuwa hai. Waliamua awekwe na jike mgeni, kutoka ukoo mwingine, kwenye jengo lingine, kwa maji mengine na mtunzaji mwingine. Msimamizi alishika ufunguo yeye mwenyewe, akasema sasa tutaona.

Mimba ya panya ni wiki tatu, lakini kwa Shangazi zilikuwa kama miezi. Zikaongezwa siku saba za kusubiri vidole viachane vizuri. Siku ya kuhesabu waliitwa wote. Watoto walikuwa tisa. Daktari aliwageuza mmoja mmoja chini ya lenzi. Wanne walikuwa na vidole sita.

Shangazi aliomba aonyeshwe dume. Alimshika, akamlaza chali kiganjani, akapuliza manyoya ya mguu wa nyuma. Kidole kikubwa cha kushoto kilikuwa kimoja, ndiyo, lakini kucha yake ilikuwa pana kupita kiasi, kama kucha mbili zilizopatana kuishi pamoja. Alikuwa amemshika mara mia, na hakuwahi kuiona.

Daktari alirudi kusoma, safari hii si jeni tu bali na maeneo ya mbali nayo, mbali kabisa, mahali ambapo zamani watu walidhani ni maandishi matupu yasiyo na kazi. Huko, herufi moja tu ilikuwa imegeuka. Alikuja mwenyewe chumba cha kufulia kumweleza Shangazi, akakaa juu ya rundo la makoti.

Alisema jeni ya vidole inajua kazi yake, ila haijui ifanye lini wala wapi. Iko mwili mzima, kwenye ini, kwenye jicho, kila mahali, na ikifanya kazi ovyo mtoto haumbiki. Kuna kipande kingine kinachoidhibiti, kinachoiamuru ianze upande wa nyuma wa mkono unaochipuka, upande wa kidole kidogo, na inyamaze upande wa kidole gumba. Kwa dume yule kidhibiti kilikuwa na herufi moja mbaya. Jeni ikaamka na upande usiostahili, na hapo pakachipuka kidole cha ziada. Wengine hurithi kosa hilo lisionekane sana, kama yeye mwenyewe na kucha yake.

"Kwa hiyo mlipima aliyetenda, mkamwona hana hatia," alisema Shangazi, "kumbe aliyetoa amri yuko mbali."

Daktari akasema ndivyo. Akaongeza, akitazama sakafu, kwamba yeye ndiye aliyepaswa kutazama mbali mapema, badala ya kuwaacha watu watazamane.

Jumatatu iliyofuata Shangazi alirudi kwa panya wake. Msimamizi alimkabidhi ufunguo, akasema kazi iendelee. Neno la samahani halikupita midomoni mwake. Shangazi hakulidai, kwa maana alikuwa na deni la namna hiyo hiyo. Alimwomba airarue ile barua ya kumshtaki Miwani. Msimamizi akasema karatasi ikishagongwa muhuri haitoki kwenye faili. Basi Shangazi akakaa usiku mbili mezani kwa mumewe, kati ya saa zilizofunguliwa matumbo, akaandika nyingine. Alieleza kwamba aliona kichupa lakini hakuona kikimimina. Kwamba lile la kumimina alilitunga mwenyewe kwa hasira. Akataka igongwe muhuri nayo, iwekwe juu ya ile ya kwanza, na akasimama pale mpaka ikawekwa.

Siku chache baadaye Miwani, aliyekwisha rudishiwa ufunguo wake, aliingia chumba cha panya ameshika nakala ya barua ile. Alivaa koti na glavu bila kusema, akaja akasimama kando ya rafu ya tatu.

"Umeandika 'nilimdhania vibaya' mara tatu," alisema. "Mara moja ingetosha."

"Ungeamini mara moja?"

"Hapana," akasema Miwani. "Hata hii ya tatu bado naichunguza."

"Ichunguze. Mimi nawe bado nakuchunguza."

Wakashusha kizimba cha watoto wapya, wakakifungua juu ya meza. Shangazi akawageuza, Miwani akaandika. Walipomaliza, kila mmoja alirudia kuhesabu vidole peke yake, na hesabu zao zikalingana.